Mwongozo kamili: namna ya kumweleza msomaji wa Uganda mchezo wa mpira asioujua

Makala yangu ya kwanza kuhusu kandanda ya Australia niliisoma kwa sauti katika kibanda cha chai mjini Busia, upande wa Uganda, mbele ya madereva wa malori waliokuwa wakisubiri karatasi zao za forodha. Nilikuwa nimeandika kwamba katika fainali ya mwaka 1970 Carlton iliishinda Collingwood kwa mabao 111 dhidi ya 101. Mzee mmoja aliweka kikombe chini, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, makipa wao walikuwa wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na nililijua jibu, ila makala haikuwa na jibu hilo. Katika mchezo huo hakuna kipa. Hakuna mtambaa panya, hakuna nyavu, na kile nilichokiita bao si kitu kimoja bali ni vitu viwili vyenye thamani tofauti. Nilikuwa nimeandika kana kwamba msomaji alikuwa amekaa nami mbele ya televisheni kwa miaka kumi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yeyote anayeandika Kiswahili nchini Uganda, iwe gazetini, redioni au katika jarida la shule, na ambaye siku moja ataombwa aeleze mchezo wa mpira ambao wasomaji wake hawajawahi kuuona. Nitatumia kandanda ya Australia kama mfano mkuu, kwa sababu ndiyo inayompa mwandishi taabu kubwa kuliko zote, na mahali panapofaa nitagusa pia mpira wa Marekani na ule wa Ireland.

Hatua ya kwanza: jua macho ya msomaji wako yameshaona nini

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, jiulize ni michezo gani ambayo msomaji anaweza kuiona akilini akifumba macho. Magazeti ya nchi za nje yamekutana na swali hili kila mara mchezo huu ulipovuka bahari, na kila nchi ilikuwa na mahali pake pa kuanzia. Tarehe 28 Oktoba 1916, vita vikiwa vinaendelea, wanajeshi wa Australia walicheza mechi ya maonyesho katika uwanja wa Queen's Club, London, mbele ya watu waliozoea soka na raga. Tarehe 25 Aprili 2013, St Kilda na Sydney zilikutana Wellington, New Zealand, katika mechi ya kwanza ya ligi kuu ya mchezo huo kuchezwa nje ya Australia kwa kuwania pointi za msimamo, na hapo msomaji alikuwa mtu wa raga tangu utotoni. Mwezi Mei 2017, Port Adelaide na Gold Coast zilicheza Shanghai, ambako msomaji wa kawaida ana mpira wa kikapu na soka kichwani. Mwandishi wa Dublin ndiye mwenye kazi nyepesi, kwa kuwa Ireland ina kandanda yake ya jadi, iliyo chini ya chama kilichoanzishwa mwaka 1884, na inafanana na ile ya Australia kiasi kwamba kijana wa Dublin, Jim Stynes, alihamia Melbourne na mwaka 1991 akatwaa nishani ya mchezaji bora wa ligi.

Kwa hiyo usichukue maelezo ya gazeti la London au la Wellington ukayageuza Kiswahili neno kwa neno. Maelezo hayo yalishonwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Msomaji wa Uganda ana soka kwanza, na ana soka kwa wingi. Raga anaijua kwa kiasi: wakazi wa Kampala wamezoea mechi za uwanja wa Kyadondo, na mwezi Julai 2025 uwanja wa Namboole ulishuhudia Zimbabwe ikiifunga Namibia pointi 30 kwa 28 na kufuzu Kombe la Dunia la raga la mwaka 2027, litakalochezwa Australia yenyewe. Ana pia netiboli, ambayo waandishi wengi wa kiume huisahau, ingawa wasichana wengi wa shule zetu wameicheza na ina kanuni moja itakayotufaa sana hapa chini.

Kumbuka vilevile kwamba Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi yetu tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini wanaokisoma hawakukipata mahali pamoja. Yupo aliyekipata mpakani Busia au Malaba, yupo wa Arua, yupo aliyekulia kambi ya jeshi, na yupo mwanafunzi anayekisoma darasani. Msamiati wa michezo wanaoushiriki wote ni ule wa soka unaotangazwa redioni. Huo ndio mtaji wako.

Hatua ya pili: upe mchezo jina moja, kisha usiliache

Neno "mpira" kwetu hubeba mchezo na chombo kwa pamoja, na msomaji akiona "mpira wa miguu wa Australia" ataona soka lenye jezi za Melbourne. Mimi hutumia "kandanda ya Australia", na katika sentensi ya kwanza kabisa husema kwamba mchezo huu hutumia mikono na miguu na mpira wenye umbo la yai. Wengine hupenda "raga ya Australia". Jina hilo silikubali, kwa sababu Australia ina raga yake halisi, tena ya aina mbili, na msomaji atakayeangalia Kombe la Dunia la 2027 atadhani ulimdanganya.

Hatua ya tatu: fungua matokeo kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo nilipokosea Busia, na hapa ndipo ninapoomba msomaji wa mwongozo huu akae kwa muda mrefu kuliko penginepo. Mtu anayesoma habari za michezo huanza na matokeo. Asipoyaelewa, hataendelea, na hata akiendelea atasoma aya zote zilizobaki akiwa na shaka.

Eleza uwanja wa goli kwanza, kwa maneno yanayoonekana. Kila upande una nguzo nne zilizosimama katika mstari mmoja: mbili ndefu katikati, na mbili fupi, moja kila pembeni. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ni mita 6.4. Hakuna kitu kinachozuia juu, hivyo mpira unaweza kupita chini ukibiringika au juu mawinguni, mradi tu umepita kati ya nguzo. Ukipigwa kwa mguu na mshambuliaji ukapita kati ya nguzo mbili ndefu bila kuguswa na mtu, ni pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi, ni pointi 1. Ukigonga nguzo ndefu, au ukiguswa na mtu kabla ya kuvuka mstari wa katikati, ni pointi 1 pia.

Sasa rudi kwenye fainali ya 1970. Magazeti ya Melbourne huandika matokeo hivi: Carlton 17.9 (111), Collingwood 14.17 (101). Msomaji wetu akiona 17.9 atadhani ni desimali, kama bei ya mafuta au joto la mgonjwa. Mfanyie hesabu mara moja, wazi, bila haraka: Carlton walipata magoli 17, kila moja pointi 6, hizo ni 102, wakaongeza pointi 9 za pembeni, jumla 111. Collingwood walipata magoli 14, hizo ni 84; wakaongeza pointi 17 za pembeni, jumla 101.

Ukishafanya hesabu hiyo usiiache ikae kama hesabu ya darasani, kwa maana ndani yake mna habari. Collingwood walipitisha mpira kati ya nguzo mara 31, na Carlton mara 26 tu. Timu iliyofika golini mara nyingi zaidi ndiyo iliyoshindwa, kwa kuwa mipira yake mingi ilikwenda pembeni. Collingwood walikwenda mapumziko wakiongoza kwa pointi 44, mbele ya watazamaji 121,696, idadi ambayo hadi leo haijavukwa katika mchezo huo, na bado kombe likawaponyoka. Msomaji wa soka anaielewa mara moja timu inayotawala mechi na kukosa shabaha. Huhitaji kumfundisha huzuni hiyo. Anaijua tangu utotoni.

Baada ya hapo, katika makala yote iliyobaki, andika jumla kwanza, na idadi ya magoli baadaye iwapo tu ina maana: "Carlton walishinda kwa pointi 111 dhidi ya 101." Usirudie nukta na mabano. Wala usitumie neno "bao". Kwetu bao ni moja na lina uzito mmoja, ilhali hapa unahitaji "goli" kwa pointi 6 na "pointi ya pembeni" kwa pointi 1.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa Ireland, na huenda zaidi. Magazeti ya huko huandika matokeo ya timu moja kama 2-14, yaani magoli 2 yenye thamani ya pointi 3 kila moja, pamoja na pointi 14, jumla 20. Ukiyaacha yalivyo, kila msomaji wa Kampala ataamini kwamba kuna timu iliyofungwa mabao 14. Kwa mpira wa Marekani matokeo hayasumbui. Kinachosumbua ni kwamba timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo, na ikishindwa hupoteza mpira. Fungua hilo kwanza, na mengine yatafuata.

Hatua ya nne: chagua tukio moja, uzitundike kanuni juu yake

Makosa ya kawaida ni kuandika aya tano za kanuni kisha aya mbili za mechi. Hakuna aliyejifunza soka kwa njia hiyo. Tulijifunza kuotea siku ambayo bao letu lilikataliwa. Kwa hiyo kanuni ieleze pale inapoamua jambo, na isiyoamua jambo iache.

Tuchukue fainali ya tarehe 24 Septemba 1966 kati ya St Kilda na Collingwood. Aya yangu ya ufunguzi, baada ya kuiandika upya mara kadhaa, ilikuwa hivi:

"Zikiwa zimebaki dakika chache, timu zilikuwa sawa, pointi 73 kwa 73. Mpira ulichomoka katika msongamano ukamfikia Barry Breen wa St Kilda, naye akaupiga kwa haraka kuelekea golini. Haukupita kati ya nguzo mbili ndefu, ambako ungeleta pointi 6. Ulipita kando, kati ya nguzo ndefu na fupi, ambako shabaha iliyokosewa hulipwa pointi 1. Pointi hiyo moja ilitosha. St Kilda 74, Collingwood 73, na St Kilda hawajawahi kulitwaa kombe hilo tena."

Angalia kilichotokea. Kanuni nzima ya nguzo nne imeingia ndani ya habari, na msomaji hakuhisi kwamba anafundishwa. Timu zote mbili zilikuwa na magoli 10. Tofauti ilikuwa pointi za pembeni 14 kwa 13. Mfano mmoja wa aina hiyo unafanya kazi ya jedwali zima.

Fanya vivyo hivyo kwa kanuni tatu nyingine zinazobaki kuwa muhimu. Mchezaji akikimbia na mpira mkononi, lazima audundishe au auguse chini angalau mara moja kila mita 15. Lieleze hilo siku utakaposimulia mbio ndefu. Akidaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka umbali wa mita 15 au zaidi kabla haujaguswa na mtu wala kudunda, hupewa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa. Hapa mwite msaidizi wako, msichana wa netiboli, ambaye anajua kwamba ukidaka unasimama na mpinzani hawezi kukunyang'anya. Na mchezo hugawanywa katika robo nne za dakika 20, lakini saa husimama mpira unapokuwa nje ya mchezo, kwa hiyo robo moja huweza kukaribia nusu saa, na kinachoimaliza ni king'ora wala si filimbi ya mwamuzi. Aliyedaka kabla ya king'ora huruhusiwa kupiga baada yake. Siku mechi itakapoamuliwa hivyo, msomaji ambaye hukumweleza atadhani kuna dhuluma iliyofanyika.

Hatua ya tano: tafuta maneno ndani ya Kiswahili chenyewe

Usiyaendee maneno ya kigeni na kamusi mkononi. Kitendo cha kudaka nilichokieleza hivi punde kwa Kiingereza huitwa kwa neno ambalo kamusi italigeuza kuwa "alama", na alama kwetu ni pointi za mtihani na za ligi; utakuwa umechanganya udakaji na ufungaji katika neno moja. Mimi husema "kudaka safi". Niliwahi kufikiria "mdako", lakini neno hilo lina wenyewe tayari, watoto wanaorusha kokoto na kuzidaka. Pointi 1 nayo, ukiigeuza moja kwa moja, itakuwa "nyuma", neno lisilomwambia mtu chochote, ilhali "pointi ya pembeni" inamwonyesha mpira ulikopita.

Pasi ya mkono ina kanuni yake: hairuhusiwi kurusha, mchezaji huushika mpira kwa mkono mmoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. "Pasi ya ngumi" inatosha. Ukiandika "mpira wa mikono", umeshataja mchezo mwingine kabisa. Lakini lugha ya watangazaji wetu wa soka ina hazina ya kuazima. Ninaposema kwamba katika kandanda ya Australia "hakuna kunawa wala kuotea", mshabiki wa Jinja ameelewa kwa maneno machache kile ambacho kitabu cha kanuni kinakieleza kwa kurasa.

Majina ya timu yaache yalivyo, pamoja na majina yake ya utani. Sisi wenyewe hatusemi "Korongo wa Uganda". Tunasema Cranes, na kila mtu anajua.

Hatua ya sita: linganisha, kisha useme ulinganisho unaishia wapi

"Ni kama raga" ni sentensi yenye msaada kwa sekunde tatu, na baada ya hapo inaharibu. Kila ulinganisho uambatane na mpaka wake katika sentensi ileile: mpira una umbo la yai kama wa raga, na wachezaji hukabana kwa mikono kama katika raga, lakini pasi huruhusiwa kwenda mbele, na mtu anaweza kusimama popote uwanjani. Kwa ukubwa wa uwanja, soka linafaa zaidi kuwa kipimo. Uwanja wa soka huwa na urefu wa mita 105 na upana wa 68. Uwanja wa kandanda ya Australia ni wa duara refu, wenye urefu kati ya mita 135 na 185, na eneo lake mara nyingi huzidi mara mbili lile la soka. Ndani yake wamo wachezaji 18 kwa kila timu. Msomaji akishaliona hilo, atajua mwenyewe kwa nini watu hao hukimbia kiasi kile.

Historia ipe nafasi ndogo. Ikiwa ni lazima uiguse, sema kwamba kanuni za kwanza, kumi tu, ziliandikwa Melbourne tarehe 17 Mei 1859, na kwamba miongoni mwa waliokaa kuziandika walikuwamo waandishi wa habari wawili, William Hammersley na J. B. Thompson. Kwangu mimi hilo lina uzito wa pekee: mchezo huu ulieleweka na watu kwa sababu waliokuwamo chumbani walijua kuandika kwa ajili ya gazeti.

Hatua ya saba: mpe msomaji mtu wa kumfuata

Kanuni humkaa mtu kichwani akiwa na jina la kuziegemeza. Kwa bahati njema, Afrika Mashariki inalo. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Akacheza Sydney, kisha Port Adelaide, na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi bora cha msimu. Kabla yake, mwaka 2013, Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Sudan kucheza katika ligi hiyo. Wasomaji wa Adjumani na Yumbe, ambako maelfu ya watu wa Sudan Kusini wanaishi, watayasoma majina hayo kwa namna nyingine kabisa. Ninaomba jambo moja tu: usiishie kambini. Aliir ni beki, na sifa yake ni kusoma mpira wa juu na kuuwahi kabla ya mshambuliaji. Mwandishi anayeieleza kazi yake vizuri ameieleza kanuni ya kudaka bila kuitaja.

Hatua ya nane: saa, kisha kibanda cha chai

Geuza saa zote ziwe za kwetu, kwa Kiswahili cha kwetu. Fainali huchezwa kwa kawaida Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na ikianza saa nane na nusu mchana Melbourne, Kampala ni saa moja na nusu asubuhi ya siku hiyohiyo. Fainali ya mpira wa Marekani huanza kwetu usiku wa manane kuamkia Jumatatu. Msomaji aliyeambiwa siku isiyo sahihi hatakuamini tena hata kwa kanuni.

Mwisho, peleka makala kwa mtu asiyejua lolote na umsomee kwa sauti, bila kuongeza neno ambalo halimo kwenye karatasi. Sikiliza atakachouliza. Akiuliza kuhusu kanuni, rudi ukaandike upya. Nilirudi Busia baada ya wiki mbili nikiwa na ile habari ya 1966, na kwa bahati mzee yule alikuwa palepale. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na huyu Breen, ule mpira aliulenga kweli, au uliteleza tu?" Nilitoa kalamu nikaongeza sentensi moja kuhusu namna mpira ulivyotoka mguuni mwake, nikampelekea mhariri jioni ileile.